Unyevu wa Hewa na Afya ya Chatu Anayefugwa
Mazungumzo kwa Wananchi wa Kinyangiri



Kabla ya kusema lolote kuhusu kumtunza chatu, sharti tuanze na sheria. Chatu si kuku wala mbuzi. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma, na hairuhusiwi kumkamata, kumnunua wala kumweka nyumbani bila kibali. Anayenunua chatu kwa mtu asiye na hati hupoteza fedha zake, hunyang'anywa mnyama, na huweza kufikishwa mahakamani. Kwa hiyo omba kuona kibali kabla ya kutoa hata shilingi moja, na ukiwa na shaka muulize afisa wanyamapori wa wilaya.

Wapo hata hivyo wanaomtunza kwa haki, kama vile bustani za wanyama zenye leseni. Ndugu zetu Wasukuma nao wana vikundi vya ngoma vinavyocheza na chatu, na sherehe zao za Bulabo hufanyika mwezi Juni, wakati mvua zimekwisha na upepo mkavu umeanza. Hapo ndipo matatizo mengi ya mnyama huyu yanapozaliwa.

Porini chatu hukaa karibu na maji, na kiangazi hujihifadhi katika mashimo ya mhanga na ndani ya vichuguu, ambamo hewa hubaki na unyevu ingawa nje ardhi imepasuka. Kizimba hakina shimo la namna hiyo. Tukiongeza joto kwa taa tunazidisha ukavu, kwa sababu kiasi kile kile cha mvuke katika hewa yenye joto zaidi huwa na unyevu mdogo zaidi kwa asilimia.

Dalili za ukavu ni rahisi kuziona. Chatu mwenye afya hujivua gamba kwa kipande kimoja, kuanzia midomoni hadi mkiani. Akikaa pakavu, gamba hutoka vipandevipande, na ile ngozi nyembamba inayofunika jicho hubaki imeganda. Usiibandue kwa kucha wala kwa kibano, kwani utaliharibu jicho. Ongeza unyevu, na isipotoka mwite daktari wa mifugo.

Unyevu ukizidi nao ni hatari. Sakafu iliyolowa daima huleta malengelenge na kuoza kwa magamba ya tumboni, na baridi ikichanganyika na majimaji huleta ugonjwa wa mapafu. Chatu akihema kwa mdomo wazi, akikoroma au akitoa mapovu puani, asisubiriwe hata siku moja.

Kwa kawaida, unyevu wa asilimia 50 hadi 60 unamfaa chatu wetu, na anapokaribia kujivua, macho yakiwa yamefifia kama yenye ukungu, uongezwe kidogo. Upande mmoja wa kizimba uwe na joto la nyuzi 30 hivi za Selsiasi na upande wa pili uwe wa baridi kiasi, ili achague mwenyewe.

Njia ya kwanza ni bakuli pana la maji safi, zito lisilopinduka, ambamo mnyama anaweza kujilaza. Ya pili ni chungu kikubwa cha udongo. Ninyi nyote mnajua jinsi mtungi unavyotoa jasho na kupoza maji. Chungu kilicholowekwa, kikapinduliwa na kutobolewa mlango, huwa shimo la chatu lenye unyevu wake. Mlango uwe mpana na kingo zake zisuguliwe, zisimkwaruze. Kiwekwe sehemu moja tu, ili sehemu nyingine ya kizimba ibaki kavu. Kama utanyunyiza maji, fanya hivyo asubuhi, si usiku, maana usiku wa Juni na Julai hapa kwetu ni wa baridi. Matundu ya hewa yasizibwe kabisa, na jiko la mkaa lisiingizwe chumbani: moshi wake huua mnyama na mtu pia.

Sasa neno kwa mnunuzi wa kipima unyevu. Vifaa vingi vya bei nafuu husema uongo, lakini unaweza kukijaribu mwenyewe. Changanya chumvi ya mezani na maji machache hadi iwe kama uji mzito, uiweke katika kizibo. Kizibo hicho na kifaa chako viwekwe pamoja ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, bila kugusana, kwa siku nzima. Hewa ya mfukoni itafikia asilimia 75. Kifaa kikisoma 65, jua kwamba kinapunguza 10. Kikipotoka zaidi ya hapo, kirudishe dukani, na ndiyo maana nawasihi mtunze risiti. Kisha kitundike karibu na sakafu, mahali anapolala chatu, si juu darini.

Mwisho, ukimkuta chatu shambani, usimuue wala usimlete nyumbani. Hula panya wanaomaliza mtama wetu. Mwache aende zake, na akiwa karibu na makazi mpigie simu afisa wanyamapori.