Maji Yaliyo Karibu na Nyumba: Vibali na Usalama wa Watoto
Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Kabanga



Bwawa la kuogelea la nyumbani bado ni jambo geni katika milima ya Kasulu, na anayetaka kulijenga huenda akadhani kwamba, kiwanja kikiwa chake, shimo nalo ni lake. Sheria haioni hivyo. Katika eneo la mipango miji ujenzi hauanzi kabla ya kibali cha Halmashauri, na bwawa huonyeshwa kwenye ramani pamoja na nyumba. Maji nayo yana utaratibu wake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inamtaka anayechepusha mto, kuuzuia au kuhifadhi maji yake awe na kibali cha kutumia maji, ambacho kwa upande huu wa nchi hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Bwawa la samaki linalolishwa na kijito limo humo humo. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono, kwa matumizi ya nyumbani, kimesamehewa. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto; mahali hukaguliwa kwanza, jembe hufuata.

Lakini kibali hakimzuii mtoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Mtoto wa umri huo hazami kwa kishindo. Hutumbukia kimya, mama akiwa jikoni hatua chache tu kutoka hapo.

Na shimo lililo hatari kuliko yote ni lile ambalo hakuna aliyeliombea karatasi yoyote: shimo la udongo wa matofali. Tanuru likishazima na nyumba ikishaezekwa, shimo husahaulika. Mvua za Oktoba zikianza, hujaa maji mekundu yasiyoonyesha kina, na kingo zake huteleza kama sabuni. Aliyelichimba ndiye anayepaswa kulifukia, hata kama nyumba amekwisha kuiuza. Kumwachia mnunuzi au jirani kazi hiyo si haki.

Kwa maji yanayobaki, dawa ni uzio. Nchini Australia, ambako mabwawa ya nyumbani ni mengi, uzio wake hautakiwi kupungua sentimita 120 kwenda juu, wala nafasi kati ya nguzo kuzidi sentimita 10. Kipimo hicho hakihitaji chuma. Fito za mkaratusi zinatosha, mradi zisimame wima na zile za kulala ziwe upande wa ndani, kwa kuwa fito ya kulala iliyo nje ni ngazi ya mtoto. Lango lifungwe kwa komeo lililo juu. Kisima kiwe na ukuta wa duara na mfuniko mzito. Bati lililowekewa jiwe si mfuniko.

Ajali ikitokea, asiyejua kuogelea asijitose. Amnyooshee anayezama mti au kamba, au amtupie dumu tupu lililofungwa kifuniko, ambalo huelea. Mtoto akitolewa asining'inizwe kichwa chini ili maji yatoke. Desturi hiyo hupoteza dakika zenye thamani. Kama hapumui, apuliziwe pumzi mdomoni papo hapo na kubanwa kifua, huku mwingine akitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Hata akizinduka, apelekwe, kwa maana maji yaliyoingia mapafuni huweza kumdhuru saa kadhaa baadaye.

Mashimo yasiyo na mwenyewe, hasa yaliyo kando ya njia za wanafunzi, yaarifiwe katika ofisi ya Mtendaji wa Kata kabla mvua hazijaanza, wakati udongo ungali mkavu na unafukika kwa jembe.