Fangasi ubongoni, saratani kwenye damu

Msikilizaji, dawa za leukemia, yaani saratani ya damu, hushusha chembe nyeupe za mtoto hadi kinga ikabaki jina tu. Hapo ndipo fangasi aina ya Aspergillus, ambao mimi na wewe tunawavuta puani kila siku bila madhara, huota mapafuni na wakati mwingine kufika ubongoni. Mtoto analalamika kuumwa kichwa, au anashikwa na degedege ghafla.

Dawa ipo: vorikonazoli, na uzuri wake inapenya hadi kwenye ubongo. Lakini inalizuia ini kuivunja vinkristini, dawa ya saratani itokanayo na ua la Madagaska, lile lile tunalopanda uani kama pambo. Vinkristini ikilundikana mwilini, miguu hulegea, choo hufunga, na degedege huweza kurudi. Kuisimamisha tiba ya saratani kwa muda mrefu nako ni kuikaribisha saratani upya. Ndiyo maana madaktari huahirisha vinkristini kwa muda, au hutumia amfoterisini, dawa nyingine ya fangasi, badala ya vorikonazoli. Jipu la fangasi ubongoni likifikika, mpasuaji hulinyonya.

Mzazi, mtoto aliye kwenye tiba ya saratani akipata homa, usimpe Panadol ukasubiri kukuche. Mpeleke hospitali usiku huo huo.