MAWE YA NYONGO NA ASILI YAKE



Nyongo hutengenezwa na ini, kisha huwekwa akiba katika kifuko chake. Ikikosa mizani huganda na kuwa mawe. Mengine kama chembe ya mchanga, mengine kupita kokwa ya tende.

Jiwe lililozoeleka zaidi Ulaya na Marekani ni la lehemu, lenye rangi ya manjano. Kwa kuwa chokaa yake ni haba, aghalabu halionekani katika picha ya eksirei. Ndiyo maana daktari hutaka altrasaundi.

Lakini sisi wa mwambao, ambako selimundu si maradhi mageni, yatupasa kulijua zaidi jiwe jeusi. Chembe nyekundu za damu ya mgonjwa huvunjika kabla ya wakati wake. Rangi itokanayo nazo, iitwayo bilirubini, huzidi katika nyongo na kushikana na chokaa. Jiwe hili halitokani na ulaji, wala mama asilaumiwe kwa mapishi yake. Hata mtoto mdogo huweza kuwa nalo.

Liko pia jiwe la kahawia, laini, lizukalo katika mifereji ya nyongo yenye bakteria au minyoo.

Maumivu chini ya mbavu za kulia, pamoja na homa na macho ya manjano, yasingojewe hadi asubuhi. Na mzazi wa mtoto mwenye selimundu, akiambiwa kwamba umanjano ndiyo hali yake ya kawaida, aombe kifuko cha nyongo nacho kipimwe.