Tusihesabu Magari Tu, Tuulize na Mabomba Yake

(Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wa kata ya Kisondela. Wengi hamkuweza kufika mkaomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

  

Niliombwa nizungumzie sheria na huduma za jamii. Mada hiyo ni pana, mtu anaweza kuongea saa tatu mkaondoka bila kitu mkononi. Nimechagua kitu kimoja kidogo, cha chuma na mpira, kinachokaa tumboni mwa gari la zimamoto. Najua kuna mtu pale nyuma anajiuliza, huyu binti si anasoma sheria, mabomba yamemhusu nini? Yananihusu. Nivumilieni.

Kutoka Mbeya mjini hadi Tukuyu ni kama kilomita 70, halafu kuna kuacha lami kuja huku kwetu. Njia mnazijua: vilima, mabonde, tope, na mvua ya Rungwe ambayo haina likizo. Sasa chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo gari hilo limebeba tani tano za maji peke yake, bado chuma, bado askari na vifaa. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni na la kulia likiwa juu ya jiwe, chesisi inajipinda. Haionekani kwa macho, lakini inajipinda.

Hapo ndipo stori ilipo. Tangi limefungwa kwake, pampu imefungwa kwake, na kati yao kuna bomba la chuma. Chesisi ikijipinda, tangi linavuta huku na pampu inavuta kule. Ni milimita chache tu, ila mara elfu kwa elfu. Bomba kama limechomelewa mwanzo hadi mwisho halina pa kukunjia mgongo. Mzigo wote unakwenda kukaa pembeni ya pale palipochomelewa, kwa sababu moto wa kuchomelea hubadilisha chuma cha jirani. Kama bomba lilikuwa na mabati ya kuzuia kutu, pale yameungua, na kutu inaanzia ndani ambako hakuna anayechungulia. Siku moja ufa unatokea.

Likizo iliyopita nilikaa siku mbili kwenye gereji moja Mbeya nikiuliza maswali hadi mafundi wakanichoka. Mmoja alinieleza kuziba ufa wa namna hiyo kukoje. Unamwaga maji yote. Unakata betri, maana umeme wa kuchomelea unaweza kuua mifumo ya gari. Kama tangi ni la plastiki, na mengi ya siku hizi ni ya plastiki, huwezi kuwasha moto karibu nalo, kwa hiyo unalitoa tangi au unalitoa bomba. Bomba nalo limebanwa na mengine matatu. Kazi ya sentimita tano inalaza gari siku kadhaa. Siku hizo wilaya nzima inaishi kwa kumuomba Mungu tu.

Njia nyingine ipo, na ni ya zamani kuliko babu zetu wengi. Ncha ya kila bomba inapigwa mfuo kuizunguka, kama kidole kilichovaa pete muda mrefu. Unakutanisha ncha mbili bila kuzigusanisha, unaacha upenyo mdogo. Juu yake unavisha pete ya mpira inayofunika ncha zote mbili. Halafu unakuja na vipande viwili vya chuma, kila kimoja nusu duara, midomo yake inaingia kwenye mifuo ya mabomba yote mawili. Unafunga bolti mbili. Basi. Hakuna grenda, hakuna cheche. Ukitaka kufungua, spana moja.

Uzuri uko kwenye ule mpira. Umekatwa kama herufi C, mgongo nje, midomo ndani. Maji yanapoingia kwa presha yanaisukuma midomo igande kwenye bomba. Presha ikipanda, mpira unazidi kubana. Pampu nyingi za zimamoto hupimwa kwa presha ya bar 10, sasa fikiria faida yake. Na kwa vile ncha hazigusani, ile aina ya kaplingi inayolegea kidogo inaruhusu bomba licheze na gari. (Ipo na aina isiyocheza kabisa, inafungwa kwingine. Fundi anajua ipi iende wapi, mimi nisijifanye.)

Zilianzia kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walihitaji kuunganisha mabomba haraka vitani, mahali ambapo huwezi kusubiri fundi. Baada ya vita, mwaka 1919, ikazaliwa kampuni iliyokuja kuitwa Victaulic, jina linalounganisha neno la Kiingereza la ushindi na lile la nguvu ya maji. Vita hiyo ndiyo iliyoifanya Tukuyu, enzi hizo Neu-Langenburg ya Wajerumani, iangukie kwa Waingereza mwaka 1916. Yaani kitu hiki kina zaidi ya miaka mia moja, na bado kuna watu wakikisikia wanadhani ni teknolojia ya mwezini.

Tusidanganyane, kaplingi si muujiza. Mpira unazeeka. Mpira unaofaa kwa maji unaweza kuharibiwa na mafuta, kwa hiyo lazima ununue ulio sahihi. Bei ya kuanzia mara nyingi iko juu kuliko ya kuchomelea. Na kama stoo haina mpira wa akiba, gari lenye kaplingi linalala sawasawa na lile la kuchomelea. Kumbukeni hilo la stoo, nalirudia sasa hivi. Na mafundi wetu wa kuchomelea wasinielewe vibaya: bomba lililochomelewa na mtu anayejua kazi ni imara. Tatizo ni kulifunga bila kuliachia nafasi ya kucheza, kisha kulipitisha njia za kwetu.

Nyingine inayotuchanganya ni ile kauli ya kila moto: "gari limekuja halina maji." Sisemi kila mara bomba limepasuka. Pampu ya kutoa lita 2,000 kwa dakika ikifunguliwa yote inamaliza tangi la lita 5,000 kwa dakika mbili na nusu. Hesabu ya shule ya msingi. Baada ya hapo askari anahitaji pa kuchota, na mdomo wa mpira wake lazima uingiane na mdomo wa bomba la mtaani. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliungua majengo zaidi ya 1,500. Miji jirani ilileta magari, mipira mingi ikakataa kuingia kwenye mabomba ya Baltimore kwa sababu kila mji ulikuwa na saizi yake. Askari wapo, maji yapo, havikutani. Sisi tunaonunua gari huku na kupewa msaada kule, tunajua midomo yetu inaingiana?

Mbeya hatuhitaji kuhadithiwa moto. Mwanjelwa iliungua 2006. Soko la Sido likaungua Agosti 2017. Watu waliamka na mkopo bila bidhaa.

Sasa sheria. Zamani zimamoto ilikuwa mikononi mwa halmashauri. Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 ikaunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, leo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Maana yake ni kwamba diwani wetu hanunui gari la zimamoto, na ukimpigia kelele unampigia mtu asiye na ufunguo. Manunuzi yanafanyika juu. Bungeni umeshatajwa mkopo wa Dola milioni 100 kutoka Abu Dhabi kwa ajili ya magari na vifaa vya zimamoto. Jamani, ule ni mkopo, utalipwa na nyinyi mliokaa hapa na watoto ambao hamjawazaa.

Kila magari yakija, kinachotangazwa ni idadi. Yanapangwa mstari, yanapakwa utepe, picha zinapigwa. Na sisi wapinzani tunaingia mtego uleule, tunajibu kwa idadi: ni machache, kwa nini wilaya yetu haijapata. Ni haki kuuliza. Lakini idadi ya siku ya uzinduzi si idadi ya mwaka wa tano. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inasimama juu ya thamani ya fedha, na thamani ya gari la zimamoto haiko kwenye rangi nyekundu. Iko kwenye karatasi ya vigezo vya zabuni, ile ambayo hakuna anayeipiga picha. Je, imeandika mabomba yaungwe vipi? Imeandika mipira ya akiba ya miaka mingapi? Mafundi wa mkoa watafundishwa, au kila ufa utasubiri mtu kutoka Dar es Salaam? Ikiwa karatasi iko kimya, muuzaji ataweka kilicho rahisi kwake, na hatakuwa amevunja mkataba. Hapo hata wakili bingwa hana la kukusaidia.

Tunaweza kuuliza. Ibara ya 18 ya Katiba inatupa haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa jamii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaweka utaratibu: unaandika ombi, ofisi ina siku 30 za kukujibu. Haki hiyo ni ya raia, haiulizi kadi ya chama. Ndiyo maana nashauri barua yetu isiwe na nembo. Na tukijibiwa, tunachapisha tulichojibiwa, hatuongezi chumvi hata punje, maana sheria hiyohiyo ina adhabu kwa anayepotosha taarifa aliyopewa.

Nimeandika rasimu ya kwenda kwa kamanda wa zimamoto wa mkoa. Inauliza siku ambazo magari yalilala matengenezo mwaka uliopita na sababu zake, kilichopo stoo, na mabomba ya kuchotea maji yanayofanya kazi kuanzia Tukuyu mjini hadi huku. Haina tusi wala jina la mtu. Askari wa zimamoto si adui yetu, yeye ndiye wa kwanza kuungua gari likimgomea.

Barua iko kwa katibu, na kalamu ninayo. Anayetaka kusoma kabla ya kusaini asome, tena asome yote.

 Maswali?