Nani Amerithi Mali ya Flash?

Matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, steshenari za mjini Tukuyu, wilayani Rungwe, hujaa watu. Mzazi aliyetoka Suma hutaja shule na namba ya mtihani ya mwanawe; kijana aliyeketi kwenye kompyuta hufungua tovuti ya Baraza la Mitihani (NECTA), hubofya jina la shule, na jedwali hutokea: namba, jinsi, pointi, daraja, kisha masomo yote kwenye mstari mmoja, CIV, HIST, GEO, kila somo na alama yake. Hakuna kinachong'aa wala kucheza. Wala hakuna anayeambiwa apakue kwanza programu nyingine ndipo ukurasa ufunguke.

Mhadhara huu unaanzia hapo kwa makusudi. Swali lake ni kama viwango vipya vya wavuti vimezing'oa programu-jalizi za zamani, na wengi hulijibu kwa kutazama kampuni za California tu. Jedwali lile la NECTA, lililoandikwa kwa HTML ya kawaida kabisa, linaonyesha kwamba kazi nyingi za maana hazikuwahi kuzihitaji.

Zilizozihitaji zilikuwa video, sauti, michezo na michoro inayotembea, mambo ambayo kivinjari cha miaka ya 1990 hakikuyaweza peke yake. Java ikaja na vijiprogramu vyake mwaka 1995. Flash ikazaliwa 1996 mikononi mwa kampuni ndogo ya FutureWave, ikanunuliwa na Macromedia na, mwaka 2005, na Adobe. Microsoft ikachelewa hadi 2007 kuleta Silverlight. Ubaya wa programu-jalizi hizi haukuwa uzito tu. Programu-jalizi ilikuwa mpangaji asiyemsikiliza mwenye nyumba: ilifanya kazi ndani ya kivinjari bila kutii ulinzi wake wote, na tundu moja ndani yake liliweza kuwaachia wadukuzi kompyuta nzima. Kwenye intaneti kafe ya enzi za setilaiti, kabla mkongo wa SEACOM haujafika Dar es Salaam Julai 2009, kuisasisha kulikuwa kula muda wa mteja anayelipa kwa dakika.

Kilichoiua Flash ni simu. Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple alitoa waraka wa wazi kueleza kwa nini iPhone haitaipokea. Alikuwa na maslahi yake, maana duka la programu lilikuwa lake. Hata hivyo hoja zake za betri na usalama zilikuwa na uzito. Novemba 2011 Adobe yenyewe ikatangaza kuacha kuitengenezea vivinjari vya simu. HTML5, toleo la HTML linaloonyesha video bila programu-jalizi, ilipopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Oktoba 2014, nusu ya kazi ilikwisha kufanyika, na Januari 2015 YouTube ikaifanya kuwa njia yake ya kawaida ya kuonyesha video. Mwisho wa 2020 Adobe ikafunga hesabu, na tarehe 12 Januari 2021 Flash Player ikaanza kukataa kucheza chochote.

Vita hivyo havikupiganwa Rungwe. Wengi waliingia kwenye intaneti kwa simu ya vibonye, na Opera Mini, kivinjari kilichosambaa duniani kuanzia 2006, kilizibana kurasa kwenye seva za mbali kabla ya kuzituma ili salio lisiishe haraka. Flash haikuwa na nafasi huko. Aliyeizoea wavuti kwa njia hiyo hakuwa na cha kuomboleza.

Walioomboleza walikuwa kwingine. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilikuwa na fomu za kodi zilizotengenezwa kwa Flash, na tarehe ile ilipopita, ikabidi mwezi huohuo itoe kivinjari chake yenyewe ili walipa kodi waendelee kuzijaza. Adobe ilikuwa imetoa taarifa tangu Julai 2017! Miaka mitatu na ushee ni muda wa kutosha kuandika fomu upya.

PhET waliutumia muda wao vizuri zaidi. Mradi huo wa Chuo Kikuu cha Colorado, ulioanzishwa 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, ulikuwa na majaribio ya sayansi yaliyotegemea Java na Flash. Watengenezaji wakayaandika upya kwa HTML5, moja baada ya jingine, kwa miaka. Leo jaribio la saketi za umeme, ambamo mwanafunzi huburuta betri, waya na balbu kwa kidole mpaka taa iwake, hupakuliwa kama faili moja, hubebwa kwenye flashi ya USB na kufunguka pasipo mtandao. Baadhi yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa mwalimu wa fizikia wa shule ya kata isiyo na maabara kamili, hapo ndipo ushindi wa viwango unapoonekana.

Ila mpangaji hakuhama kabisa. Septemba 2017 W3C ilipitisha EME, utaratibu unaokiwezesha kivinjari kuita programu ya kufungua filamu zilizofungwa kwa kufuli la kibiashara, na shirika la kutetea haki za kidijitali la EFF likajitoa W3C siku hiyohiyo. Programu zenyewe, kama Widevine ya Google, ni siri ya wenye mali.

Sharti la "pakua kwanza" nalo limerudi kupitia programu za simu. Benki, magazeti na wauzaji humsukuma mteja apakue programu yao, na mwenye simu iliyojaa picha za WhatsApp hulazimika kufuta kitu ili aipate. Kivinjari cha leo kinaweza sehemu kubwa ya kazi hizo, pamoja na kutunza kurasa za kusomwa bila mtandao. Lakini wavuti haina mwenye duka wa kuitangaza. Apple, iliyoikataa Flash ikisifu viwango vilivyo wazi, hukata hadi asilimia 30 ya mauzo ya kidijitali yanayopitia duka lake.