Pesa Zilizotumika na Kazi Iliyofanyika: Kufuatilia Gharama za Mradi wa Wadi

Hotuba kwa kamati za usimamizi wa miradi katika wadi



Kila mwaka wa fedha unapoanza tarehe 1 Julai, swali la kwanza barazani huwa lile lile: wadi imetengewa pesa ngapi? Ni swali zuri, lakini halitoshi. Hata darasa lililokwama kwenye linta lilitengewa pesa. Swali linalookoa mradi huja baadaye: pesa zilizokwisha kutumika zimezaa kazi kiasi gani?

Siku hizi wahandisi wengi hupanga ratiba za ujenzi kwa programu za kompyuta kama Microsoft Project. Programu hiyo huorodhesha kazi moja baada ya nyingine, na kila kazi hupewa siku zake na gharama zake. Mafundi na mitambo huhesabiwa kwa saa au kwa siku. Vifaa, kama saruji na mchanga, huhesabiwa kwa mifuko au kwa tani. Kisha kuna malipo ya mara moja, kama ada ya kibali. Programu hujumlisha yenyewe, lakini haijui bei ya kokoto sokoni. Ukiingiza bei ya mwaka juzi, itakupa jumla ya mwaka juzi.

Makadirio yakishaidhinishwa, huhifadhiwa ndani ya programu kama makadirio ya awali. Hicho ndicho kipimo cha mradi mpaka siku ya kukabidhiwa.

Chukua mfano wa darasa la chekechea la shilingi milioni 2.4, la kujengwa kwa wiki 14. Msingi ni shilingi 500,000 kwa wiki 3, kuta 700,000 kwa wiki 4, paa 600,000 kwa wiki 3, na sakafu, plasta, milango na rangi 600,000 kwa wiki 4.

Wiki ya 7 inapokwisha, msingi na kuta vinapaswa kuwa vimekamilika kwa shilingi milioni 1.2. Hesabu inaonyesha kwamba zimetumika milioni 1.2 kamili. Anayetazama pesa peke yake atasema mambo ni sawa.

Lakini ukifika kwenye uwanja wa shule, kuta zimefika nusu. Wakati wa kuchimba msingi kulipatikana mwamba, na kazi ya 500,000 ikagharimu 850,000. Kwa makadirio ya awali, kazi iliyosimama pale ina thamani ya shilingi 850,000 tu: msingi 500,000 na nusu ya kuta 350,000. Pengo ni shilingi 350,000, na ratiba imechelewa wiki 2.

Programu huchukua kilichotumika, milioni 1.2, ikaongeza kazi iliyobaki, milioni 1.55, ikaonyesha kwamba darasa litagharimu milioni 2.75. Hiyo ni ikiwa tatizo lilikuwa mwamba peke yake. Kazi iliyobaki ikizidi makadirio kwa kiwango kile kile, gharama itakaribia milioni 3.39.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015 haikubali mabadiliko yote ya mkataba, yakijumlishwa, yaongeze bei kwa zaidi ya asilimia 25 ya bei ya awali. Kwa mkataba wa milioni 2.4, mwisho ni milioni 3. Mradi ukifika hapo kabla ya paa, watoto wataendelea kusomea chini ya mti huku kuta zikinyeshewa.

Pengo likionekana wiki ya 7, bado kuna nafasi: bei za mabati kulinganishwa upya, sababu ya ucheleweshaji kutafutwa, na nyongeza inayohitajika kuombwa kwa maandishi mapema. Likionekana wiki ya 13, hakuna la kufanya.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Gharama inapopanda, ni rahisi mtu kufuta makadirio ya awali na kuandika milioni 2.75 mahali pake. Programu itatii, na tofauti itasomeka sufuri. Pengo litakuwa limetoweka kwenye skrini, lakini darasa litakuwa vile vile. Makadirio mapya yanaweza kuhifadhiwa pembeni, lakini yale ya awali yasiguswe.

Basi kila mwanakamati anapokutana na mhandisi aulize mambo manne. Makadirio ya awali yalikuwa kiasi gani? Kufikia leo zimetumika ngapi? Kazi iliyokwisha kupimwa ina thamani gani? Mradi ukiendelea hivi, utamalizika kwa shilingi ngapi na lini?

Kuuliza hivyo si kumshuku mtu. Katiba, katika kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kifungu cha 201 kinataka uwazi na ushiriki wa wananchi katika mambo ya fedha za umma. Mhandisi anayefuatilia gharama vizuri atakuwa na majibu yote manne mkononi. Akikosa hata moja, afadhali ijulikane kuta zikiwa nusu kuliko siku ya uzinduzi.