Meli Iliyokuja Ndani ya Makasha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Hewa Bora)



Mwezi uliopita mama mmoja aliniuliza hapa hapa, mbele ya watu: "Makuta ya masomo haiko, ya kulipa nyumba haiko, na weye kila posho unakusanya batoto kuchezesha na plastiki?" Siku ile nilimujibu na maneno ya ripoti. Aliniangalia tu. Leo najaribu tena.

Vile vitofali vya plastiki, watoto wanaviita tubriki, vilitufikia katika kartoni mbili, vimechanganyika vyote. Kuna meli ya Titanic ya Lego yenye vipande 9 090, urefu wake sentimita 135, na kitabu kinaonyesha kila kipande kinaingia fasi gani. Sisi kitabu hatukupata. Nikauliza: basi, tujenge meli gani? Wakajibu pamoja: Liemba! Wazazi wa wengi wao walikimbilia upande wa Kigoma, kwa hiyo jina hilo wamelisikia nyumbani tangu wadogo. Na wengi wenu munakumbuka mwaka 1997, Liemba ilivyokuwa inavusha wakimbizi kutoka Kigoma kuwarudisha Uvira.

Lakini kitu watoto hawakujua ni hiki: Liemba yenyewe ilijengwa kama tubriki. Mwaka 1913, katika karakana ya Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani, waliiunganisha, halafu wakaipasua tena vipande vipande. Wakaitia katika makasha 5 000. Makasha yakapita bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda treni hadi Kigoma, na mafundi watatu wa kutoka kule kule, pamoja na wafanyakazi wengi wa Kiafrika ambao majina yao hayakuandikwa, wakaijenga mara ya pili. Februari 1915 ikaingia majini, ikiitwa Graf von Götzen.

Mutoto mmoja akauliza juu ya nini hawakuileta nzima. Swali lilinifurahisha, maana jibu moja lilipita katika muji wetu. Mwaka ule ule wa 1915, Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, nzima nzima, kwa treni kutoka Afrika ya Kusini. Zilipita hapa, Elisabethville wakati ule, hadi Fungurume ambapo reli ilikuwa inaishia. Kutoka pale zilivutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba, hadi mwishoni zikafika Kalemie. Lakini Mimi na Toutou zilikuwa na mita 12 tu. Liemba iko na mita 71. Kitu kikubwa namna ile hakipiti njiani paka kimepasuliwa, na ukikipasua lazima ujue utakirudisha namna gani. Fikirini makasha 5 000: ukifungua kwanza lile la bomba la moshi, utaliweka juu ya nini?

Basi tulipima. Ukigawanya urefu wa meli mara 70, unapata mita moja na kidogo. Upana, vifundo 18 vya tubriki. Tukaikata katika sehemu tano, kila sehemu inasimama peke yake. Na kila tabaka, mbele ya kuweka lingine juu, musichana mmoja wa miaka kumi na tatu alilichora katika kaye: rangi, hesabu, upande. Ilichosha. Kuna siku za posho tulimaliza matabaka mawili tu.

Sasa nasema kosa langu. Wageni walikuwa wanakuja kutembelea kikundi, na mimi nilitaka waone meli nzima. Nikawaambia watoto: achaneni na kaye, tumalizieni nyuma mbio mbio. Tukaijenga siku moja. Picha ilitoka muzuri sana, iko hata katika gazeti letu hili.

Wiki mbili nyuma ya pale, mwenye nyumba akataka chumba chake. Tukahamisha meli kwa miguu, juu ya mbao, katika vumbi la kartiye. Kufika kwenye mufereji, vijana wawili wakateleza. Sehemu mbili zikaanguka. Ile ya katikati, yenye kuchorwa, ilisimama tena mbele ya jua kuzama. Ile ya nyuma tumeijenga mara tatu na haishikane na zingine.

Nilikuwa naomba musamaha, na yule wa kaye akanikata neno: "Njo vile bilikuwa na masomo yangu." Alisoma kambini hadi mwaka wa nne. Bultini zake zilipotea safarini. Hapa alirudishwa nyuma mara mbili, maana hakuna karatasi yenye kuonyesha alifika wapi. Cheti cha kuzaliwa pia hana. Kwetu Kongo mutoto anaandikishwa katika siku 90, na zikipita, inaomba hukumu ya tribinali. Hukumu haipatikane bila makuta.

Mama, jibu langu kwako liko pale. Sikulijua mbele ya ile kuanguka, na nisingelipata katika ripoti zangu.

Kwa marafiki watoaji: najua ni rahisi kutuma tubriki, picha zake zinapendeza. Tafadhali musitume zingine. Tunaomba fotokopi, faili moja kwa kila mutoto, makuta ya tribinali, na chumba chenye mulango wa kufunga ili faili hizo zilale salama. Komite imekubali kuanza na watoto wa kikundi hiki, wengi wao hawana karatasi yoyote.

Naongeza neno moja juu ya Liemba. Mwaka 1916 Wajerumani, wakikimbia, waliizamisha wenyewe. Lakini mbele ya kuizamisha, mafundi walipaka mashini mafuta mazito kila fasi. Mwaka 1924 Waingereza walipoiinua, mashini zilikuwa bado zinafaa kazi. Ikarudi ziwani 1927, na jina la Liemba.

Posho inayokuja, saa tisa, tunabomoa sehemu ya nyuma na kuianza upya, na kaye mezani. Muzazi mwenye karatasi ya mutoto, hata iliyopasuka, hata yenye kulowana, aje nayo.